Mti wa Apua

Mtungi uliporudi mtupu mara ya tatu, Ata Nabei hakumwuliza mwenye pikipiki lolote. Aliupokea, akautikisa, akaufunga ndani ya shuka kwa mafundo matatu bila kugusa kifuniko. Ujumbe aliusikia akiwa amempa mgongo: maziwa yalifika Kakuma yakiwa machungu, mnunuzi wao Faiso ameyamwaga yote, na yakija machungu tena ataanza kuchukua ya Lokichoggio.

"Machungu," Nabei alijisemea. "Ngamia wetu wa Lorugum wanakula majani gani ambayo mama zao hawakula?"

Wanawake kumi na wawili walikuwa wakimletea maziwa kila alfajiri, na waliyaleta kwa neno lake. Yeye ndiye aliyewaingiza katika mradi wa kuuza maziwa Kakuma. Faiso akifunga mlango, maziwa yatamwagwa mchangani kama zamani, na yeye Nabei atapita wapi kwenda kisimani bila kusikia watu wakikohoa?

Basi akaanza kuwahesabu wabaya wake.

Wa kwanza ni huyo huyo Faiso, Msomali mwenye duka la maziwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwenye ulimi wa kukata ngozi. Labda ana ndugu yake Lokichoggio mwenye ngamia. Wa pili ni Mukendi, fundi Mkongomani aliyeitengeneza mitungi. Nani ajuaye ameyeyusha bati gani? Wa tatu ni Lueth, kijana mrefu wa ofisi ya mradi, aliyekulia kambini akasoma mpaka akapewa kompyuta. Ndiye aliyekuja na yale maneno: mfumo wa ubunifu wa pamoja. Mfugaji, mfanyabiashara, fundi na ofisi, kila mmoja alete akili yake, shida ya maziwa kuharibika njiani iishe.

Nabei aliacha shule darasa la tatu, na neno kubuni alilijua kwa maana moja tu. Mwalimu alikuwa akilisema akiwa ameshika fimbo: "Hili jibu umebuni!"

"Wametuita tubuni pamoja," aliwaambia wenzake siku ile. "Yaani tudanganye kwa kamati."

Wakacheka, lakini wakaweka vidole gumba kwenye karatasi. Karatasi ilisema mitungi ioshwe kwa sabuni na maji ya moto tu. Moshi ni marufuku. Atakayefukiza mtungi, yeye na kundi lake watatolewa.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya Nabei. Mtungi bila moshi kwake ulikuwa kama mtoto bila jina. Mama yake alifukiza, bibi yake alifukiza, na maziwa yao yalivuka jua la siku nzima bila kulalamika. Kwa hiyo kila jioni alikuwa akiosha kwa sabuni Lueth afurahi, halafu anatia kaa la mti wake ndani, anafunika na kungoja. Kidogo tu. Kidogo hakijawahi kuua mtu.

Wiki hiyo Lueth akawaita wote Lodwar, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Nabei alikwenda na mtungi wake ndani ya shuka, mafundo yote matatu mahali pake.

"Ejok, Ata," Lueth alimsalimu kwa Kiturkana, kama mjukuu kwa bibi yake.

"Ejok. Nimekuja na shahidi," akasema, akauweka mtungi mapajani.

Faiso alikuwa ameketi mbele yake, mikono kifuani. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini wallahi, wateja wangu wanauliza kama nauza maziwa ama nauza dawa ya minyoo."

"Dawa ya minyoo ingekuwa na faida kwako, labda ulimi ungepungua."

"Haya, haya," Mukendi akaingilia. "Bamama, musinitazame mimi. Bati yangu iko safi. Mimi nalitengeneza tu, sikutia kitu."

"Hakuna aliyekutaja," alisema Nabei.

"Macho yako yamenitaja, Mama. Mara mbili."

Lueth akafungua kompyuta. Kila kifuniko kilikuwa na kipimajoto chenye taa, na safari zote tatu taa ilikuwa ya kijani. "Joto liko sawa, saa ziko sawa. Kifaa hakina shaka."

"Basi kifaa kiyanywe chenyewe," akasema Faiso.

"Tufanye hivi," Lueth akasema. "Mtuonyeshe kwa mikono, si kwa mdomo. Ata, anza na wewe. Mtungi ukirudi kutoka Kakuma, unafanya nini?"

Nabei akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akageuza kifuniko, na kwa kuwa hapa hapakuwa na maji ya sabuni ya kuuzamisha kwanza kama nyumbani, kwa mazoea ya miaka sitini akaingiza pua kabla ya mkono.

Akaingiza pua tena.

Mle ndani mlikuwa na moshi. Haukuwa wake. Wake aliujua kama sauti ya binti yake. Huu ulikuwa mkali zaidi, wenye utamu wa mbali wa uvumba. Mtu wa Kakuma alikuwa akiufukiza mtungi kabla ya kuurudisha, naye Nabei kule Lorugum akafukiza juu yake. Mioshi miwili, miti miwili, chombo kimoja. Hata yeye angeyatema.

Alimtazama Faiso. Sasa alikuwa naye mkononi. Neno moja tu, na Msomali angetolewa mbele ya wote. Lakini wangeuliza: Ata, wewe umejuaje kwamba huu si moshi wako? Tena Faiso akitolewa, wale wanawake kumi na wawili watamwuzia nani?

"Kuna nini, Ata?" Lueth akauliza.

Nabei hakuwa na haraka. Hakuwahi kuwa nayo. Alisimama, akavuka ukumbi, akaushika mtungi chini ya pua ya Faiso. "Nusa, binti yangu."

Faiso akanusa. Rangi ikamtoka.

Ndipo Nabei akaingiza mkono katika pindo la shuka, akatoa kijiti kilichoungua upande mmoja, akamwekea kiganjani. "Na hiki pia. Ni changu."

Faiso akakigeuza, akakinusa. Kisha akaguna, guno likageuka kicheko, akavuta mkoba wake na kutoa kijiti cha kwake, cheusi vilevile.

"Nilidhani nyinyi hamfukizi! Nikasema hawa wanaosha kwa sabuni tu, maziwa yataharibika njiani, nitauza nini mimi?"

"Mumepika mutungi mara mbili!" Mukendi akapiga kelele. "Na mimi silali usingizi!"

Lueth alitazama taa yake ya kijani, akatazama vijiti. Aliichukua ile karatasi ya vidole gumba, akaisoma polepole, akakata mstari mmoja kwa kalamu. Wakakubaliana: Lorugum watafukiza, Kakuma wataosha tu. Halafu Lueth akachangamka. "Huu sasa ndio ubunifu! Ata, huu mti unaitwaje? Niuandike, tupeleke ofisini." Akainua simu apige picha.

Kijiti cha Nabei kilikuwa kimeshatoka kiganjani mwa Faiso na kurudi kwenye pindo la shuka; mkono wake ulikuwa umekichukua kabla hajafikiri.

"Unaitwa apua," akasema.

"Si ni jina la watu hilo, Ata?"

"Watu wapo. Na mti upo."

Apua alikuwa punda wake, aliyekufa mwaka wa ukame; mti wenyewe haukuwa wa kupelekwa ofisini. Nabei alimtupia Faiso jicho.

"Ndio huo huo," Faiso akasema bila kupepesa. "Hata sisi tunauita apua."

Lueth akaandika.