Meza Kuu ya Waandishi

Dakta Filbert Ngonyani hakuwa na ofisi. Meza alikuwa nayo, lakini ilikaa kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kati ya choo cha wanaume na stoo ya viti vibovu. Hakuwa na feni, hakuwa na droo inayofungika, hakuwa na kompyuta isiyozima yenyewe. Hakuwa na msaidizi, wala posho, wala wahakiki wanaopokea simu. Wasomaji hakuwa nao kabisa. Na zaidi ya hayo yote, baada ya miaka mingi ya kunyoosha maandishi ya watu wengine, hakuwa na makala hata moja yenye jina lake tangu apate udakta. Kwa sababu hiyo hakuwa Mhadhiri Mwandamizi, cheo ambacho hata vijana aliowafundisha yeye mwenyewe walikwisha kukipata.

Alichokuwa nacho ni cheo kingine: Mhariri Mkuu wa Jarida la Kimataifa la Fikra Tendaji. Jarida hilo lilitolewa na chuo binafsi kilichopanga ghorofa mbili Kariakoo, juu ya maduka ya magodoro na ndoo za plastiki. Neno "Kimataifa" liliongezwa mwaka ule mfanyabiashara mmoja aliponunua nakala zilizododa akafungashia vyombo vya udongo vya kupeleka Lubumbashi. Mkuu wa chuo, Profesa Anaeli Kisanga, alisema nakala zimevuka mpaka, na kitu kilichovuka mpaka ni cha kimataifa. Hakuna aliyepinga.

Asubuhi moja alikuja pale koridoni mhadhiri msaidizi, Anifa Likwata, ameshika karatasi zilizobanwa kwa pini.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, binti. Kaa. Hapana, si hicho, hicho kitakuangusha."

Anifa hakukaa popote. Masika yote yaliyopita alikuwa soko la samaki la Feri, katikati ya kina mama wanaokaanga samaki, akiwauliza habari za moshi, vifua na macho yao, akihesabu nani anakohoa na nani hakohoi. Alirudi chuoni kila jioni nguo zikinuka mafuta, wenzake wakafungua madirisha kwa makusudi ili aone. Hatimaye aliandika makala. Kwa utaratibu wa chuo, kila makala ilipita kwanza kwa Profesa Kisanga kupata baraka kabla ya kumfikia mhariri. Hii ilipita, ikapata baraka, na ikarudi na majina saba ya waandishi. Jina la Anifa halikuwemo.

"Nimejitafuta mpaka mwisho," alisema. "Nipo kwenye shukrani. 'Na wote waliosaidia kwa njia moja au nyingine.' Hapo ndipo nilipo, Dakta. Sijui mimi ni njia moja au ni ile nyingine."

"Na mkataba wako?"

"Unaisha mwezi ujao. Bila makala yenye jina langu hawauongezi. Barua ya sharti hilo kaisaini Profesa huyo huyo."

Filbert aliziangalia karatasi, akahisi hasira nzuri, ile ya mtu ambaye haki iko upande wake na bado haijamgharimu kitu.

"Niachie mimi," alisema.

Lazima ieleweke kwamba Profesa Kisanga hakuwa mtu mbaya. Mjini alijulikana si kwa vitabu bali kwa harusi. Kamati ya harusi aliyoikalia uenyekiti haikuwahi kupungukiwa vinywaji. Aliweza kuwaketisha meza kuu mashangazi wawili wasiosalimiana, na kila mmoja akarudi nyumbani akiamini amepewa kiti bora kuliko mwenzake. Kipaji hicho alikihamishia kwenye taaluma bila kukipunguza wala kukirekebisha. Kwake yeye makala ilikuwa shughuli. Majina yaliyo juu yake yalikuwa waalikwa, na kumwacha mtu mzima nje ya shughuli ni kumvunjia heshima.

Kwa hiyo kila makala iliundiwa kamati, na kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya nne, kukiwa na supu ya makongoro na chapati. Filbert alipoingia na karatasi zake, bakuli lilikuwa limeshawekwa mbele ya kiti chake.

"Wajumbe," alianza Profesa, "ajenda ni moja tu, mpangilio wa majina. Mimi nitakaa wa kwanza. Si kwa kupenda, lakini kiti cha kwanza hakiwezi kubaki wazi, watu watauliza."

"Watauliza sana," alisema Goodluck, mhasibu wa chuo.

Filbert alikohoa kidogo. "Profesa, naomba kitu kimoja. Majarida siku hizi yana utaratibu. Kila mwandishi anaeleza alifanya nini katika utafiti, na anakubali kuwa mtu akiwa na swali juu ya kilichoandikwa, atalijibu yeye."

"Utaratibu mzuri huo," alisema Profesa kwa furaha. "Ni kama kutambulisha meza kuu. Haya, Goodluck, jitambulishe."

"Mimi nilikuwa mhakiki wa makala."

"Mhakiki?" Filbert aliweka kijiko chini. "Wewe ndiye uliyeipima kama inafaa kuchapwa?"

"Ndiyo. Nikaisifu sana. Profesa akaona nimeisifu mno, si adabu kuniacha nje."

"Lakini mhakiki hawezi kuwa mwandishi, bwana Goodluck. Utakuwa umejisifu mwenyewe."

"Wakati naisifu sikuwa mwandishi. Sifa ndizo zilizoniingiza."

Vicky, msajili wa chuo, alicheka mpaka akafuta macho, kisha akajitambulisha yeye. "Mimi nilitoa ruhusa ya gari. Na dereva wetu Zakayo ni namba sita, maana alikuwa anamngoja yule binti pale Feri juani, nusu ya siku. Kuna profesa gani hapa amewahi kupigwa na jua kwa ajili ya elimu?"

"Na namba saba? Jina hili silijui."

"Huyo ni marehemu mwanzilishi wa chuo," alisema Profesa kwa sauti ya chini, na wajumbe wakainamisha vichwa.

"Marehemu alifanya nini katika utafiti huu?"

"Alianzisha chuo, Filbert. Bila chuo, utafiti ungefanyikia wapi?"

"Feri," alisema Filbert.

Watu wakanywa supu. Filbert akaona huo ndio wakati. "Na Anifa?"

"Jamani, Anifa!" alisema Vicky kwa huruma ya kweli. "Yule bado mdogo, ana miaka mingi ya kuandika. Tena kazi yake inaonekana wazi. Umeona harusi gani wapishi wakaitwa meza kuu?"

Wajumbe walitikisa kichwa kukubali. Filbert alivuta pumzi ili aseme alichokuja kusema. Lakini Profesa Kisanga, ambaye katika maisha yake alikuwa amewatuliza wajomba wengi wenye pumzi kama ile, alimwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, sasa ndiyo nimeelewa kinachokusumbua. Tumekosea. Tumemsahau mhariri! Andika hapo, Vicky: Filbert, namba mbili. Na kamati ya vyeo inakaa mwisho wa mwezi huu. Mhadhiri Mwandamizi Dakta Ngonyani. Hebu sikilizeni jina hilo linavyotamkika."

Lilitamkika vizuri. Filbert alilisikia likizunguka ukumbini, likapita juu ya chapati, likarudi na kumkalia kifuani kama nishani. Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa ajili ya Anifa yalikuwa bado yapo, lakini yaliomba yasubiri kidogo.

"Nitalifikiria," alisema.

Kwenye muhtasari wa kikao Vicky aliandika: "Dakta Ngonyani aliafiki kwa shukrani."

Mke wa Filbert, Josepha, mwenyeji wa Marangu, alikuwa na duka la jumla la vitenge mitaa miwili kutoka chuoni. Duka hilo ndilo lililosomesha watoto, ndilo lililojenga nyumba, na kaka zake Josepha hawakuacha kumkumbusha Filbert jambo hilo kila Krismasi kwa kumwita "mwalimu wetu" kwa upole wa kuudhi. Filbert alipopita dukani akamweleza habari ya kikao, alieleza kwa mzaha mzaha, akaacha sehemu ya Anifa. Josepha aliacha marobota na wateja wake, akatoka nje.

"Jamani! Mume wangu kaandika utafiti wa Feri! Anapandishwa cheo!"

Wa kwanza kuvuka mtaa alikuwa Sofia, muuza ndoo wa upande wa pili.

"Shemeji, hongera! Kumbe ulikuwa Feri siku zote na sisi unatusalimia tu na tai yako? Basi umeletwa na Mungu. Dada yangu anakaanga pale, kifua kinambana mpaka usiku halali. Wewe uliyefanya utafiti, nimwambie afanye nini?"

Filbert angeweza kusema hajui. Ni neno jepesi, na mtu aliyesoma analitumia mara nyingi kuliko asiyesoma, au ndivyo inavyotakiwa. Lakini wapagazi walikuwa wamesimama na mizigo kichwani wakisikiliza. Josepha naye alikuwa akimtazama kwa jicho ambalo Filbert hakuwahi kuliona tangu siku ya mahari.

"Afunge khanga mbichi puani," alisema kwa sauti ya darasani. "Ailoweshe, aikamue, ajifunge. Maji yanachuja moshi."

"Umesikia msomi!" Sofia alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Dada, niko na mtaalamu mwenyewe hapa..."

Filbert alirudi kwenye meza yake ya koridoni akiwa mwepesi kama puto. Kwa kuwa sasa alikuwa mwandishi wa pili, aliona si vibaya akiisoma makala mpaka mwisho. Aliisoma kwa raha, akasahihisha koma mbili tatu, akafika ukurasa wa matokeo. Hapo raha ikamtoka.

Anifa alikuwa ameandika, bila mbwembwe, kwamba wanawake waliojifunga khanga mbichi usoni ndio waliokohoa zaidi. Ubaridi wa maji uliwadanganya wakadhani moshi umepungua, nao wakakaa jikoni muda mrefu kuliko wenzao. Kilichosaidia ni kuinua bati la paa, kugeuza jiko upande upepo unakotoka, na kupokezana.

Wauza magodoro wa chini walimwona Mhariri Mkuu wa jarida la kimataifa akiteremka ngazi mbio, tai begani.

"Sofia! Mpigie dada yako! Ile khanga aivue!"

"Aivue? Si wewe uliyesema ajifunge?"

"Nilisema vibaya. Utafiti unasema kinyume chake."

Sofia alimtazama, akiwa amekumbatia ndoo. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kuelewa. "Shemeji, kwani utafiti si wa kwako? Ulikuwa wapi wakati unauandika?"

Wapagazi waliangua kicheko, mmoja wao akalazimika kutua mzigo. Sofia alipiga simu akaiweka sauti kubwa, na mtaa wote ukamsikia dada mtu huko Feri, katikati ya mafuta yanayochemka: "Khanga yenyewe ni ile mpya, sasa imejaa masizi! Mwambie huyo mtaalamu aniletee nyingine, na aje nayo mwenyewe nimwone!"

Josepha hakucheka. Alimngoja mumewe aingie, akashusha pazia la duka nusu.

"Baba Tarsis, nani alikwenda Feri?"

"Anifa. Yule binti wa Mtwara."

"Jina lake lipo?"

"Halipo."

"La kwako?"

"La pili."

Josepha alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Mimi nimeshawaambia watu. Nimempigia hata kaka Elimringi. Anasema anashuka Jumamosi na mbuzi wa kukupongeza."

"Mbuzi!"

"Mbuzi. Na huyo mbuzi utamrudisha wewe kwa mdomo wako, mimi simo."

Filbert alikaa juu ya robota. Alimfikiria shemeji yake akimgeuza mbuzi njiani Segera, akasikia "mwalimu wetu" ya Krismasi zote zijazo. Alifikiria pia cheo, na hakuona aibu kukifikiria, maana alikitaka kweli. Ila kila alipolitamka lile jina refu moyoni, mtu fulani nyuma yake alikohoa.

"Nipe karatasi," alisema. "Ile nzuri, si ya risiti."

Aliandikia pale pale dukani, kwa mkono, kwa mwandiko wa kunyooka. Alimjulisha Profesa Kisanga kwamba mhariri amerudisha makala. Itachapwa siku itakapoletwa ikiwa na jina la Anifa Likwata kama mwandishi, kwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi na ndiye anayeweza kuulizwa. Waliotoa gari, sifa na baraka watashukuriwa kwa majina yao, na marehemu pia. Jina la Filbert Ngonyani lifutwe, kwani hakufanya lolote, na kwa hilo moja ana ushahidi wa mtaa mzima. Ikiwa chuo kinahitaji mhariri mwingine, hatapinga. Nakala aliandika iende kwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, pamoja na kurasa alizoleta Anifa, zikiwa na yale majina saba.

Barua za ndani zilipaswa kupita masijala, na masijala ilikuwa chini ya Vicky. Humo barua isiyopendeza ilipumzishwa mpaka mwenyewe aisahau. Filbert akaondoka kwa miguu kuelekea Posta, akipita Mnazi Mmoja na bahasha mbili kifuani. Anifa, aliyepigiwa simu na Filbert njiani, alimkuta ukumbini kwenye foleni.

"Dakta, wakikuondoa?"

"Wataniondoa."

"Na mimi wasiponiongezea mkataba?"

"Basi bodi itakuwa imejua walimnyima nani." Alisogea hatua moja kwenye foleni. "Nilitakiwa kusema siku ile ya supu. Sikusema."

Anifa hakumwambia kwamba si kitu. Alizichukua bahasha, akasoma anwani, akamrudishia.

Binti wa dirishani alikuwa na kibao cha jina kifuani: Nice. Aliipima bahasha ya kwanza, akasoma inakokwenda, akainua uso.

"Mzee, hii ni ya Kariakoo hapo. Si uipeleke tu kwa mkono?"

"Nataka ya rejista, mwanangu. Aipokee kwa sahihi yake mwenyewe."

"Haya. Hujaifunga."

Filbert alilamba gundi, akakunja mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja juu ya kaunta. Akaifunga na ya pili. Nice alibandika stempu, akagonga muhuri mara mbili, akazitupa zote kwenye mfuko ulio nyuma yake.

"Anayefuata!"