Rangi ya Herufi za Mlangoni

Landrova ya marehemu mume wangu, Dishon, ilikaa nyuma ya nyumba yetu Pap Onditi mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Dishon aliinunua mwaka wa uhuru kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, ikiwa tayari imezeeka, na alipofariki hakuna aliyeigusa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: ifufuliwe, nitafute dereva, inibebee mahindi hadi soko la Kibuye mjini Kisumu, nisimbembeleze tena mwenye lori yeyote. Nilikuwa na pacha wa kusomesha, Apiyo na mwenzake, na sikuwa na njia nyingine.

Tom, mdogo wake Dishon, aliishi Kisumu na alijuana na mafundi. Akajitolea. Kwa jinsi alivyoingia nyumbani kwangu na kofia mkononi, ungedhani amekuja kuposa.

"Shemeji, hii gari ni yako," aliniambia. "Injini niachie mimi. Wewe chagua rangi. Mwenye gari ndiye anachagua rangi."

Basi nikachagua, na mimi nikipewa kazi siifanyi nusunusu. Landrova ilipelekwa kwa Mzee Shitanda, fundi wa rangi kutoka upande wa Kakamega, aliyekuwa na kibanda karibu na Kibuye. Kila siku ya soko, nikishamaliza kuuza, nilipita pale. Nyeupe niliikataa, kwa maana vumbi la barabara yetu ya Nyakach nalijua. Buluu nayo niliikataa: ilikuwa ya polisi, na sikutaka wachuuzi wenzangu watimue mbio kila nikifika sokoni. Nyekundu sikuruhusu hata itajwe. Mwishowe nilimwambia Shitanda apake vipande vitatu vya kijani kwenye boneti, kila kimoja mbali na mwenzake. Kisha nikafungua gazeti nililobeba kutoka nyumbani, ndani yake vumbi la njia yetu, nikanyunyiza kila kipande. Kile ambacho vumbi halikuonekana sana juu yake ndicho nilichochukua, kijani iliyofifia, karibu na kijivu. Paa nikataka rangi ya maziwa, lisipikwe na jua.

Tom alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnaona mwenye gari?" akawaambia mafundi. "Huyu mumwogope."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama msichana. Tangu nimzike mume wangu hakuna mtu aliyeniuliza nataka nini, na huyu aliniuliza hata rangi ya vishikio vya milango. Nilimwombea kanisani kwa jina.

Jumamosi moja nilifika kibandani Tom akiwa ameenda kutafuta tairi. Gari lilikuwa zuri, Mungu anajua. Nikalizunguka taratibu, na nilipofika upande wa dereva nikasimama. Siku zile magari ya mizigo yaliandikwa jina la mwenyewe mlangoni. Kwenye mlango wangu Shitanda alikuwa ameshachora herufi kwa chaki: TOM OLWENY, PAP ONDITI.

"Afadhali umefika, Mama Apiyo," alisema. "Hapa ni wewe nangojea. Jina tuweke nyeupe ama njano?"

"Nani alikupa hilo jina?"

"Si ni Tom mwenyewe. Alinipa siku ile alileta gari, hata hatujakwaruza rangi ya zamani." Akanitazama usoni, sauti ikapungua. "Alisema mambo ya rangi nikuulize wewe, utafurahi."

Nilishika mlango. Kumbe jina lilikuwepo kabla ya nyeupe, kabla ya buluu, kabla ya vumbi langu la gazetini. Aliniachia rangi ili nisiulize gari ni la nani. Na mimi, mjanja wa Kibuye, ninayetambua gunia lililotiwa mchanga kwa kuligusa tu, nikaingia mzimamzima.

Tom alirudi akiviringisha tairi. Nilimwonyesha lile jina mlangoni. Hakushtuka, na hilo liliniuma kuliko jina lenyewe.

"Shemeji, ni mambo ya polisi tu," alisema. "Jina ya mwanamke kwa mlango, watu watacheka."

"Basi andika la Dishon."

"Dishon amekufa. Gari ya ndugu inarudi kwa ndugu, na wazee nyumbani tulishaongea nao." Alikuwa akizungusha ufunguo kidoleni. "Usikasirike, yawa. Rangi si bado ni yako? Mwambie Mzee unataka jina liwe rangi gani, ataweka. Mimi siingilii."

Mafundi walikuwa wameacha kazi wakisikiliza. Nilijua gari limekwenda. Ukoo mzima ulikuwa umekula njama wakati mimi nikihangaikia rangi ya paa, na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza.

"Kijani," nikamwambia Shitanda. "Ileile ya mlango."

"Ileile? Mama, hiyo haitasomeka."

"Najua."

Shitanda alimtazama Tom. Tom akawaangalia mafundi, waliomsikia akisema haingilii, akatia ufunguo mfukoni. Mzee akachukua brashi, akaichovya kwenye mkebe wa kijani, akaanza na T. Nilisimama nyuma yake nikilia mpaka akamaliza.