Shamba la Mtu Mmoja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanda milimani Makete kukagua shamba ninalotaka kuhamia. Mke wangu, Tumpale, alifariki mwaka juzi, na binti yetu Subilaga ananisihi nikaishi kwake Iringa. Nimekataa. Nataka mahali penye maji, kuni na udongo mzuri, ambapo shida ikitokea sitamgongea mtu mlango.

Nilikuwa nimevaa suti ya harusi na gambuti. Sikushangaa.

Nafika kisimani. Nafunga jiwe kwenye kamba ili nipime kina. Kisima kinakohoa.

"Shikamoo," nikasema, maana kilionekana kunizidi umri.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kujitegemea? Fungua mdomo."

Kikaninyang'anya kamba, kikaishusha kooni mwangu mpaka jiwe likagota chini, kisha kikaivuta na kuilamba.

"Maji yapo," kikasema. "Ila yana chumvi."

"Ni ya mwaka juzi. Hayajakauka."

Kikaniruhusu nipite.

Nageuka, kisima hakipo. Niko ndani ya nyumba isiyo na kuta wala nguzo. Paa limekaa hewani, na mlango umesimama peke yake katikati.

"Mtu akichoka anaegemea wapi?" nikauliza.

"Hapa ni kujitegemea," mlango ukajibu. "Jiegemee mwenyewe."

Nikajaribu kuegemeza bega la kushoto kwenye la kulia. Nikaanguka. Nikajaribu tena, nikaanguka tena. Mlango ukatazama pembeni, nisione aibu.

Nikapiga kelele, labda kuna jirani. Hata mwangwi haukurudi.

"Sina cha kukurudishia," mlima wa ng'ambo ukasema. "Sauti yako haikunifikia."

Hapo nikamwona Tumpale. Alikuwa akipalilia viazi vilivyoota kwenye zulia la sebuleni kwetu.

"Baba Subilaga, umeshakagua nini?"

"Maji, kuni, udongo. Vyote vipo."

"Na mgongo?"

"Mgongo gani?"

"Wako. Geuka."

Akafuta mikono kwenye khanga, akafungua dawa ya kuchua, akanichua katikati ya mgongo, taratibu, kama zamani nilipokuwa nikirudi kutoka kazini gereji. Nikaomba moyoni asimalize upesi.

"Huku juu nani atakufanyia hivi?"

Nikamuuliza kama na yeye, huko aliko, ana mtu wa kumchua.

"Tulia," akasema. "Unatikisika."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa umetandikwa vilevile. Shati lilikuwa limeninata mgongoni. Chumba kizima kilinukia dawa ya kuchua, ambayo sijainunua tangu msiba.

Nikapeleka mkono nyuma niguse pale palipokuwa na joto. Haukufika.