Harufu ya Udongo Karibu na Mizinga

Manukato yale niliyanunua Voi kwa bei ambayo hata mimi, mwaka mzima baada ya kuhitimu na bado sina kazi, niliimudu. Yalikuwa ya mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Dada yangu Shanice aliyajaribu kabla yangu, akasema yananukia kama shamba lililonyeshewa, ila shamba la tajiri.

Siku ya intavyuu nilijipulizia shingoni na kifuani. Mambo yalikwenda vizuri. Nilipofika nyumbani Sagalla sikubadilisha hata viatu, nikaenda moja kwa moja shambani kumwambia Mama.

Alikuwa akipalilia pojo kando ya waya tulioning'inizia mizinga ya nyuki kuzuia ndovu. Kwamba mtu asikaribie mizinga akiwa na manukato nilijua. Ni mimi niliyewafundisha majirani. Lakini haya yalinukia udongo na magome ya miti, nikaona nyuki watayachukiaje? Nikainama, nikapita chini ya waya.

Wa kwanza aliniuma shingoni. Nikampiga kofi, jambo ambalo pia nilikuwa nimewakataza watu. Mzinga mzima ukamwagika. Nilikimbia. Mama, na goti lake bovu, hakuweza.

Nilipogeuka alikuwa ameketi chini, leso kichwani, nyuki wamemjaa. Nikaanza kurudi. Baba alikuwa tayari anakuja na kijinga cha moto kinachofuka moshi, akaninyooshea mkono kunizuia.

"Sylus, usije. Utaamsha ile mingine."

Nilipiga hatua mbili zaidi, na mzinga wa pili ukaanza kuvuma.

Nikarudi nyuma. Nilivua shati nikalitupa, nikajisugua mchanga hadi ngozi ikachubuka. Harufu haikutoka. Jasho liliizidisha. Nilimtazama Baba akimburuta Mama peke yake hadi njiani, ambako jirani yetu Mulinge alikuwa ameleta pikipiki. Nyuki wachache walikuwa bado wananizunguka, kwa hiyo nilisimama mbali.

Uso wa Mama ulikuwa umevimba, macho yamefungika.

"Sylus yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"Mbona huji kunishika?"

Baba alimjibu kwa niaba yangu, taratibu. Sijui kama alielewa. Wakampakia katikati yao, pikipiki ikashika njia ya hospitali. Nilibaki kifua wazi kwenye vumbi, mikono nimeitenga na mwili wangu.