Mkate wa Mama Simenti

Mtaani walimwita Redio, na hakukasirika hata kidogo, maana redio mbovu hakuna anayehangaika kuifungulia sauti. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: viti viwili, kioo kimoja chenye ufa pembeni, na benchi refu la wale wasiosuka chochote ila walikuja kusikiliza. Ukikaa pale saa moja unatoka unajua nani kahama, nani karudiana na nani, na nani kanunua kochi jipya huku mlango hauna kitasa.

Kikundi cha akina mama wa mtaa kilipotaka kutoa kijitabu cha mapishi, hakuna aliyeuliza nani aandike. Redio alijaza kurasa ishirini na mbili kwa siku tatu, kalamu haijapumua. Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu ambaye wote walimwita Mwalimu, hata wale aliowachapa fimbo zamani, akamshauri:

"Mwanangu, kabla hatujapeleka kwa mchapaji, mpe mtu mmoja apike kwa kusoma tu. Wewe usiwepo."

"Mwalimu, mimi napika tangu sijaota gego! Na maneno yangu huwa siyarudii. Chai ukiipasha mara ya pili inakuwa chai tena hiyo?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha puani. Kijitabu kikachapwa.

Ukurasa wa tisa ulikuwa mkate wa maziwa, ule mkate wa Redio ambao ukiubonyeza kwa kidole unarudi wenyewe. Wa kwanza kuupika kwa kitabu alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, fundi cherehani aliyekaa mlango wa nne kutoka pale. Mtu wa maneno machache: unamsalimia, anaitikia, anarudi kwenye mshono wake. Alikuwa na ugeni mzito. Mkwewe, mama wa mke wa mwanawe, alikuwa anakuja kwake kwa mara ya kwanza. Wifi akafuata ukurasa wa tisa mstari kwa mstari, na mkate ukatoka tofali. Mgeni aliuchovya kwenye chai, akasubiri, akauchovya tena, mwisho akauweka pembeni ya kisahani kwa adabu zake zote na kusema ameshiba.

Redio alikuwepo. Na kesho yake saluni ilijaa.

"Jamani, kisu kiliingia kikagoma kutoka! Mama wa watu anatafuna huku kashika taya. Nikasema moyoni, huyu wifi yangu hakukanda unga huyu, alikoroga simenti!"

Benchi likaangua kicheko mpaka mteja aliyekuwa kitini akaharibu mstari wa nywele kwa kutikisika. Wiki haikuisha, jina likawa limeshaota mizizi: Mama Simenti. Waliompelekea nguo kushona walianza kulitumia kwa utani, kisha bila utani.

Wifi akapika tena mara tatu. Siku moja akaja saluni na kijitabu mkononi, kidole kikiwa ukurasa wa tisa.

"Wifi, kuna kitu nimeruka? Nimefanya kama ulivyoandika."

Redio hata hakugeuka, vidole vikiwa kichwani mwa mteja. "Kitabu hakina kosa, wifi yangu. Mkono huo. Kuna mikono ya kushona na kuna mikono ya kukanda."

Watu wakacheka. Wifi akaitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa ina uchafu, akafunga kijitabu, akaondoka. Miezi miwili ikapita hajakanyaga pale.

Basi ikaja Jumanne ya mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, maji yakashuka ngazi za nyumba ya Redio kama yana haraka ya kufika mahali. Hakuna mteja, hakuna benchi, hakuna hata mpita njia wa kumwita. Redio akaona bora apike mkate. Akapima, akakanda, na kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda wala mtu wa kuongea naye, akauviringisha unga na kuutia kwenye oveni pale pale.

Akatoa tofali.

Aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika ko, ko, ko. Akalaumu hamira kwamba imekufa, akalaumu oveni, akamlaumu na mwenye duka aliyemuuzia unga. Mkono wake hakuulaumu. Akauficha mkate ule chini ya maganda ya viazi kwenye ndoo ya taka, akifunikafunika kama paka, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwona.

Jumatano jua likatoka. Akakanda upya, hamira ile ile, unga ule ule. Safari hii akafunika bakuli kwa sahani, akaosha mikono mpaka viwikoni, akatoka kukaa kwenye ngazi apunge upepo, kama alivyozoea siku zote za mkate. Hazikupita dakika tano akatokea mpangaji mpya wa nyumba ya mbele, mama muuza mayai, mwenye trei zake kichwani na masikio yenye njaa.

"Shoga, hebu keti. Hujasikia ya wifi yangu wewe?"

Akaanza. Simulizi ya simenti ilikuwa imeshanolewa kwa kusimuliwa: alijua pa kushusha sauti, pa kushika taya, pa kunyamaza ili mtu acheke. Saa ikakatika wakiwa hapo. Alikuwa amefika kwenye kisu kuingia na kugoma kutoka, akasema, "Maana mkate wenyewe haukuwa umeumuka hata kidogo, umelala kama…"

Hapo akakwama.

Jana kulikuwa na mvua. Jana hakukaa hapa. Alikanda, akachoma.

"Umelala kama nini?" muuza mayai akamhimiza, meno nje tayari kwa kicheko.

Redio aliinuka bila kuaga. Jikoni, unga ulikuwa umevimba, umeisukuma ile sahani mpaka imeegama upande. Akachukua kijitabu juu ya kabati, akafungua ukurasa wa tisa. *Kanda mpaka unga usishike mikono. Viringisha. Choma.* Kati ya kukanda na kuviringisha hapakuwa na neno. Saa nzima haikuandikwa, maana kwake yeye haikuwa kazi ya mkate. Ilikuwa saa yake ya kukaa kwenye ngazi na kusema watu. Na kwa miezi hii miwili, mkate wake ukiumuka vizuri ndani, yeye alikuwa nje anamcheka wifi yake kwa mkate usioumuka.

Uso ukamwaka moto kama aliyefungua oveni kwa pupa.

Jioni alikwenda kwa Mwalimu. Ilikuwa bahati, alijiambia: kikundi kilikuwa kinachapa toleo la pili wiki ile ile.

"Kuna kamstari tu nataka kuchomeka, Mwalimu. Ukurasa wa tisa. Wala hakuna haja ya kukatangaza."

Mwalimu akausoma ukurasa, akasoma na uso wa aliyeuleta. "Nani mwingine aliupika huu?"

"Wifi."

"Basi apelekewe yeye kwanza. Akisema umekaa sawa, nitaupeleka."

Mlango wa nne haukuwa mbali, lakini kesho yake ulikuwa safari. Redio alibeba mkate wa moto ndani ya kitambaa. Wifi alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, na hakuuinua.

"Karibu, wifi."

"Nimekuletea mkate."

Wifi akautupia jicho. "Umeumuka vizuri. Umekuja nao nione?"

"Hapana, wifi, si hivyo… Ule ukurasa una kasoro kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Redio akasema. Alisema haraka, akiangalia vipande vya kitambaa sakafuni. Kwamba unga unatakiwa kufunikwa na kuachwa saa nzima. Kwamba hakuandika. Mguu wa wifi ukasimama, na chumba kikawa kimya mpaka Redio, ambaye hajawahi kuogopa kimya kwa sababu hajawahi kukiruhusu, akatamani mtu abishe hodi.

"Nilibadili unga," wifi akasema. "Nikabadili hamira. Mikate mingine niliifukia chini ya mabaki ya vitambaa ili wateja wasiione. Halafu nikaanza kuiogopa hii mikono. Nakata gauni la mteja, najiuliza, au na hapa nimekosea? Miaka yote hii sijawahi kukata kitambaa natetemeka."

"Nisamehe, wifi."

"Mimi nikikosea mshono nafumua. Hata kama mteja hajaona. Wewe husema maneno yako huyarudii." Akanyoosha mkono. "Lete karatasi."

Redio akampa ule mstari mpya. Wifi akausoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Haujakamilika. Andika na ulikuwa wapi hiyo saa."

"Wifi! Kwenye kitabu?"

"Kitabuni. Na kabla hakijachapwa, ukausome saluni. Jina hili hukunipa hapa ndani."

Jumamosi benchi lilijaa mpaka pembeni. Muuza mayai alikuja kudai mwisho wa simulizi yake. Mwalimu alikuja, akakaa karibu na mlango. Na wifi naye akaingia, akaketi mwisho wa benchi na gauni la kupindwa mapajani, na maongezi yakashuka ghafla kama sufuria iliyotolewa motoni.

Redio alikuwa ameshazungumza katika chumba kile maneno ambayo yangejaza gunia. Siku ile alikuwa na karatasi moja tu mkononi.

"Sikilizeni. Huu ni ukurasa wa tisa, mpya." Akasoma: "*Baada ya kukanda, rudisha unga kwenye bakuli, funika, uache saa nzima mpaka uumuke. Toleo la kwanza halikuwa na mstari huu. Mwandishi aliusahau kwa sababu saa hiyo huwa nje, anasema watu.*"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Nilimwambia wifi yangu ni mkono wake," akaendelea. "Mkono wake hauna kosa. Kosa lilikuwa langu, na nilimcheka nalo."

Msichana aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimesukwa, akajitazama kioo kwa makini kana kwamba hajawahi kujiona. Mtu akakohoa. Muuza mayai, ambaye alikuwa bado anaunganisha mambo, ndiye aliyepasua.

"He! Kumbe Mama Simenti ni wewe!"

Hapo benchi likalipuka. Walicheka mpaka wakafuta macho kwa kanga, na Redio alisimama katikati ya chumba chake, kitana mkononi, akijua kicheko kile kilivyotengenezwa, maana yeye ndiye aliyewafundisha. Akatafuta jibu la kurusha. Yalikuja matatu, na yote yalikuwa mazuri. Akayameza.

"Mama Simenti, trei ya mayai nikuwekee?"

"Abee," akaitika. "Niwekee."

Mwisho wa benchi, wifi hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akakunja gauni. Msichana wa kitini alipomalizwa na kuinuka, akaja akaketi yeye, akafungua kilemba chake.

"Na mimi nina kichwa, wifi."

Redio akashika nywele zile, akagawa mstari wa kwanza. Macho yao yakakutana kwenye kioo, pale penye ufa.

"Umepinda," wifi akasema.

"Naona."

Akaufumua.