Mdudu Kwenye Taji

Mshonaji alimwona mdudu wa kwanza wakati anachomeka pini ya mwisho. Alikuwa mdogo kama punje ya ufuta, akijitembelea juu ya taji la bi harusi kana kwamba naye kaalikwa. Mshonaji, ambaye ndiye shangazi wa bi harusi, akashtuka.

Taji alilitengeneza mwenyewe, maua mabichi pamoja na manyoya meupe ya jogoo wake. Siku zote manyoya huyafukiza kwa mvuke kwanza. Safari hii gesi ilimwishia, akajiambia jua litatosha. Na jogoo mwenyewe alichinjwa jana tu! Chawa wa kuku akikosa joto la kuku hamalizi wiki, lakini jana si wiki.

"Shangazi, unafanya nini?" bi harusi aliuliza.

"Nanyoosha ua, mwanangu."

"Hebu nione," alisema wifi yake, mama wa bi harusi, mwanamke ambaye angekagua kucha hata za malaika. Akainama. "Wadudu! Si nilisema tununue taji dukani?"

Bi harusi akanywea. "Ni chawa? Kama ni chawa, mimi sitoki humu ndani."

Mshonaji alifungua pazia, mwanga ukaingia. "Chawa wa ndege ni bapa, hana mabawa, na mwanga humkimbiza. Mbawakawa wa maua ana mgongo wa mviringo, naye mwanga anaufuata. Tazameni wenyewe."

Akaomba kimoyomoyo. Mdudu akapanda ncha ya ua, akafungua mgongo wake unaong'aa, akarukia dirishani. Wa pili akamfuata, na wa tatu, miguu imejaa chavua.

Bi harusi alicheka hadi machozi. Hata wifi alicheka. "Haya, umeponea chupuchupu. Wamekwisha?"

Nje honi ya gari ililia. Mshonaji akainama kukagua. Pale mwanga ulipopiga manyoya, kitu bapa, rangi ya majani makavu, kilikuwa kinakimbilia chini, upande wa nywele. Neno alikuwa nalo mdomoni, "livue", neno fupi tu. Akamtazama wifi yake.

"Wamekwisha," alisema.

Gari likaondoka taratibu. Bi harusi akampungia shangazi yake mkono dirishani, uso umejaa furaha, kisha mkono ule ule ukapanda nyuma ya sikio, ukaanza kukuna.