Mbao Ndani ya Ukuta

Kila asubuhi Tuda alijenga nyumba ya mawe nyuma ya hema, akamweka mwanasesere wake ndani, kisha akaibomoa na kuanza kumfukua. Mwanasesere mwenyewe alikuwa vijiti viwili vya tete vilivyopishanishwa na kuvishwa kitambaa chekundu. Wasichana wote wa milimani hutengeneza wa namna hiyo na kuwaita mabibi harusi. Wenzake waliwaoza wa kwao kwa nderemo. Tuda alimzika wake.

Bibi yake, Lalla Ijja, aliutazama mchezo huo kwa siku nne huku damu ikimchemka. Tetemeko lilikuwa limemchukua mama yake Tuda, na mtoto mwenyewe alikaa nusu siku chini ya kifusi kabla ya kutolewa. Tangu hapo hakukanyaga chini ya paa. Hema alilikubali kwa sababu, alisema, kitambaa hakiui. Siku ya tano Ijja aliyazoa yale mawe yote akayatupa korongoni.

"Unatuitia balaa! Haijatosha?"

Tuda hakulia. Aliacha kula tu. Kwa siku mbili mkate wa shayiri ulirudi kapuni vilevile ulivyotoka. Basi Ijja, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi tangu aolewe, akapanda hadi kwenye hema la shule kumtafuta mwalimu Hasna.

"Mwanangu, nimeharibu. Niambie nitengeneze vipi, na usinizungushe."

Hasna alimmiminia chai. "Lalla, yule ana jambo ambalo hajalipatia maneno. Alikuwa analisema kwa mawe, wewe ukamziba mdomo."

"Kwa hiyo nimwache azike tu kila siku?"

"Kaa naye ucheze. Ila usimpangie mchezo uishe vipi."

"Mimi nicheze? Na miaka yangu sitini na nane?"

"Magoti yakigoma, niite nije nikunyanyue."

Ijja alishuka kilima akinung'unika, lakini njiani aliokota mawe mpaka shuka lake likajaa. Theluji ilikuwa imeshaonekana vileleni, na hema lile lisingeistahimili. Nyumba yao mpya ilibakiza wiki moja kukamilika. Tuda akikataa kuingia, baridi ingemkuta nje, na kifua chake kilikuwa kimeshaanza kukwaruza. Huyu simpotezi, Ijja alijiapia.

Wakacheza. Tuda alijenga, akabomoa, akafukua, na Ijja akapokea mawe bila neno. Siku ya tatu mtoto alisema bila kumtazama:

"Mama alikuwa ananiita. Halafu akanyamaza."

Ijja alitaka kumwambia basi, tusahau hayo. Akauma ulimi.

"Hata mimi nilimsikia," alisema. "Nilichimba mpaka kucha zikang'oka. Sikumfikia, mjukuu wangu."

Walilia wote wawili, mchana kweupe, na majirani waliopita walijifanya wanatafuta mbuzi. Ijja alipomaliza kufuta pua, aliikagua ile nyumba ya mawe kwa jicho kali. Alikuwa binti wa fundi mwashi.

"Hii nyumba yako mbovu. Baba yangu angekufukuza kazi."

Tuda alikunja uso. "Mbovu vipi?"

"Mawe matupu yanateleza. Kila safu mbili unalaza vijiti, na kwenye kona unavifunga pamoja. Ile nyumba yetu haikuwa navyo. Babu yako alikuwa mtu wa haraka."

Waliijenga upya juu ya sinia la chai, na safari hii wakalaza matete katikati ya mawe. Tuda alilishika sinia akalitikisa. Akalitikisa tena kwa hasira zote alizokuwa nazo. Vijiwe viwili vilidondoka, lakini nyumba ikabaki imesimama. Akaingiza mkono mlangoni, akamtoa bibi harusi, mzima.

"Nyumba yetu mpya ina vijiti?"

"Ina mbao kabisa."

"Mimi sijaziona."

Hakuwa na namna ya kuziona. Fundi Dda Bihi alikuwa amepiga lipu kuta zote, na walipofika huko walimkuta amesimama uani, anaisifu kazi yake peke yake.

"Toboa huo ukuta," alisema Ijja. "Mtoto anataka kuona mbao."

"Lalla Ijja! Lipu imekauka juzi tu. Zipo, nakuapia."

"Mimi nakuamini. Lakini hatalala ndani ya kiapo."

"Watu watacheka. Nyumba mpya na vidonda usoni?"

"Nipe tindo, Bihi, au nitoboe kwa meno. Bado ninayo manne."

Dda Bihi alitoboa karibu na mlango, na mbao ikaonekana. Tuda akaigusa. "Na kwenye kona?" Akatoboa kwenye kona. "Na ile nyingine?" Tundu la nne lilipofika, fundi alimkabidhi mtoto tindo na nyundo, akaenda kukaa juu ya ndoo. Tuda alichagua mahali mwenyewe. Akagonga, akaikuta mbao.

Ndipo alipomlaza bibi harusi sakafuni, hatua moja ndani ya mlango, akarudi nyuma akangoja. Hakuna kilichoanguka. Akavuta pumzi, akaingia kumchukua, na badala ya kutoka mbio, akaketi.

"Bibi, njoo."

Ijja aliinua mguu, mguu ukakataa. Miezi yote ya ujenzi alikuwa akitoa amri kutoka uani, akisingizia vumbi, na kila mtu alimwamini, hata yeye mwenyewe. Sasa, mbele ya fundi, alikuwa na hofu kama ya siku ya tetemeko.

Tuda akainuka, akatoka, akaushika mkono wa bibi yake na kuuingiza katika lile tundu la kando ya mlango, mpaka vidole vikagusa mbao.

"Shika hapa," alisema. "Ipo. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi twende."

Wakaingia.